Shubiri za Ng'ombe wa Darasa la Kwanza

Saa moja na nusu asubuhi, mwezi wa saba, Mwalimu Ikupa alikausha sakafu kwa gunia kama kawaida, kisha watoto mia moja na kumi na wanane wakaingia. Madawati yalikuwa kumi na mawili. Waliobaki walikaa kwenye saruji, na baridi ya Tukuyu ikiingia kwenye saruji haina haraka ya kutoka. Safina, mtoto wa fundi cherehani wa Makandana, alikohoa tangu namba ilipoitwa mpaka mapumziko. Ikupa alikuwa ameshaandika barua tisa za kuomba madawati, na moja ya kuomba mwalimu wa pili.

Siku hiyo walikuwa kwenye silabi za ng'. Ikupa hakupenda watoto waimbe silabi kama kasuku. Aliwasimulia habari za ng'ombe wa Mlima Rungwe ambaye, kila neno lenye ng' likiandikwa sawasawa, mgongo wake huongezeka shubiri moja.

"Ng'oa!" Prosper akaandika ubaoni.

"Shubiri," Ikupa akahesabu.

"Nong'ona! Ng'ang'ania!"

"Taratibu jamani, mtamkata kiuno!"

Kufikia mapumziko kichwa cha ng'ombe kilikuwa kimeshaingia mlangoni. Jioni watoto wakawasumbua bibi zao wawape maneno mengine, na kesho yake mgongo ukazunguka kuta tatu. Miguu ilibaki minne. Watoto wakapanda, daftari mapajani. Safina alikaa usawa wa moyo, penye joto zaidi, na Alhamisi kikohozi kikamwacha.

Ijumaa akafika Bwana Hezron, afisa wa kuhesabu madawati. Ikupa alikimbia kumlaki, maneno yakiwa mdomoni. Mwalimu mkuu, Mzee Ambilikile, akamzuia.

"Mwe, Ikupa! Mgeni haulizwi kilichomleta koo likiwa kavu."

Kwa hiyo Bwana Hezron akapewa mtindi. Ng'ombe alikuwa hapohapo, na mtindi wake ulitoka umeshaganda. Kikombe cha kwanza alikunywa amesimama. Cha pili alikunywa amekaa mgongoni, kati ya Lusungu na Agness. Kwenye cha tatu alikuwa anaandika neno lenye ng' kwa chaki, ulimi nje, na watoto wakimpigia makofi. Ikupa aliporuhusiwa kusema, fomu ilikuwa imeshajazwa: upungufu, hakuna.

"Lakini ng'ombe si dawati, baba!"

"Dada yangu, fomu inauliza kama mtoto amekaa. Haiulizi amekalia nini."

"Na siku akirudi mlimani?"

"Utaandika barua."

Madawati themanini yaliyokuwa njiani kwenye lori yakarudishwa siku hiyohiyo. Jumatatu akaja kijana na kopo la rangi, akamchora ng'ombe namba ya mali ya shule kwenye paja. Ng'ombe alitekenyeka, safu nzima ya nyuma ikaanguka, na darasa likacheka mpaka likasahau kuandika tarehe.

Bwana Hezron alipita tena wiki hiyo, akidai ni kwa ukaguzi. Alikunywa kikombe chake, akafuta masharubu, akafungua fomu nyingine.

"Mwalimu, na ile barua yako ya kuomba mwalimu wa pili. Silabi za mw mtazifikia lini?"

Ikupa akatazama azimio la kazi.

"Wiki ya tatu ya mwezi wa nane."

"Safi kabisa," alisema Bwana Hezron, na tarehe hiyo akaiandika penye nafasi ya siku ya mwalimu wa pili kuripoti kazini.