Uzito wa Kiti Kimoja

Fundi makochi alikuwa na kichwa kigumu, na hilo halikuwa siri kwa mtu. Alipoambiwa mshona makochi hawezi kuunda ndege, aliiunda makusudi. Lakini hakuwa peke yake. Kaka yake, mchomeleaji, ndiye aliyeichora: glaida, ndege isiyo na injini, ya kukokotwa na gari mpaka inyanyuke, kisha iteleze na upepo. Kiti kimoja tu. Walibishana miaka mingi nani atangulie kukikalia, mpaka fundi, aliye mdogo, akasalimu amri, maana mkubwa ni mkubwa. Kisha kifua kikamlaza kaka, na hakuamka.

Sasa siku imepangwa, Jumamosi. Gari la kuazima lipo, uwanja upo, na mdogo mtu kaapa atairusha, liwalo na liwe. Imebaki kuipima tu.

Kupima kwenyewe si kazi ya ajabu. Unaiweka ndege juu ya stendi mbili, moja chini ya kila bawa. Kwa kuwa kiti kiko mbele, ikiwa tupu lazima mkia ukae chini. Rubani akiingia, inasimama sawa. Ndivyo kaka alivyoichora. Basi fundi akaiweka. Ikasimama sawa, tupu.

Akacheka kidogo, cheko la mtu asiyependa anachokiona. Akatoa mto wa kiti, akapapasa kila pembe ya pua kutafuta chuma kilichosahaulika. Wapi! Akausukuma mkia chini kwa mkono, ukapanda wenyewe, taratibu, kama mtu anayejiweka vizuri kitini. Alipoingia yeye, pua ikabamiza sakafu. Egemeo la kiti lilikuwa na joto.

Mwingine angetimua mbio. Huyu, na ubishi wake, akafunga mfuko wa mchanga mkiani mpaka ndege ikasimama sawa naye yumo ndani. Akajiona kidume. Tutakwenda wote, akasema moyoni, nimtimizie kaka ahadi.

Shemeji yake, mjane wa kaka, alikuja mchana kumalizia kushona kitambaa cha bawa. Fundi akamweleza yote, akijua atachekwa. Hakuchekwa. Mama wa watu aliuangalia ule mfuko muda mrefu.

"Na akishuka mkiwa huko juu?"

Fundi akapiga hesabu. Mchanga ungebaki mkiani, pua ingeinuka ikatazama mbingu, na yeye angerudi chini kama jiwe. Aliogopa sasa, aliogopa kweli. Kilichomuuma zaidi ni kwamba lazima amfukuze ndugu yake kwenye kiti alichokichora mwenyewe. Akaufungua mfuko mkiani, ndege ikarudi kusimama sawa, tupu. Akapiga magoti kando ya ndege, machozi yakimtoka bila haya.

"Kaka, nisamehe. Shuka."

Hakukuwa na upepo. Mkia ukaanza kuteremka, polepole, ukagusa sakafu. Mbao za sakafu zikalia mara moja karibu na kiti, mara nyingine karibu na meza, zikielekea mlangoni.

Shemeji akajibanza ukutani kupisha. Kisha akaokota mkoba wake, akaingiza miguu kwenye viatu.

"Ngoja niwahi nyumbani," alisema. "Atakuta mlango nimeufunga."