Uso wa Baba Mkwe

Unaangalia maparachichi. Usibishe, shingo yako tunaiona. Umesimama uani kwa mzee Andongwisye, hapa Ikuti, mwanamke ameletewa karai la udongo auzibe ukuta wa jiko lake kwa mikono yake mwenyewe, na wewe umeinua macho juu ya mti kana kwamba umeanza kuzaa leo. Na wewe ambaye hujawahi kufika Ikuti, usijichekee. Nyumba ya namna hii ipo jirani yako, na ukipita hapo huwa unakohoa tu na kuongeza mwendo. Basi sikilizeni wote, ili kesho asitokee mtu wa kusema hakuambiwa.

Mwanamke huyo ni Sekela, binti wa kijiji cha Mpuguso. Mumewe, Meshaki, anajenga maghorofa ya watu Dar es Salaam, nyumbani anaonekana Krismasi. Mke kaachwa kwa wakwe. Na huku kwetu mkamwana na baba mkwe hawatazamani. Sekela akisikia kikohozi cha mzee njiani, hujitosa kwenye shamba la chai hata kama limelowa, akageuka, kanga usoni, mpaka mzee apite. Jina lake halitamki. Mzee naye hawezi kukanyaga jiko la mkamwana, hata mvua ya mawe ikimkuta mlangoni. Tunaiita heshima. Wanaibeba wawili, lakini shingo inayouma ni moja.

Kwa hiyo Sekela alibaki na jiko. Kibanda cha mianzi na udongo, dirisha hakina, mlango wa kuinama. Nje mvua ya Tukuyu, ndani moshi. Akitoka anajificha, akirudi anakohoa. Miaka ikaenda hivyo.

Ana mtoto mmoja, Lusungu, wa miaka saba. Mwaka jana Lusungu alichukua mkaa akachora ng'ombe mwenye mabawa kwenye ukuta wa saruji wa nyumba kubwa. Babu yake alimchapa fimbo mkono uleule uliochora, watu wakiwepo. Na wewe ulikuwepo. Ulisema, "Atajifunza."

Alijifunza. Mkono ulipona, mtoto hakupona. Aliacha kuchora, kisha akaacha kucheza. Mdoli wake wa gunzi la mahindi aliutia motoni mwenyewe, kama kuni. Zamani mama yake alikuwa akimuuliza, "Ng'ombe wanaongea nini usiku?" na mtoto anajibu mpaka usingizi unamkata maneno. Sasa aliulizwa akasema, "Ng'ombe hawaongei, mama."

Jibu hilo lilimtisha Sekela kuliko fimbo. Kumbukeni, wazee hawahawa wanaoshika fimbo, walipokuwa wadogo walijijengea vijumba vyao vya mianzi na majani ya migomba pembeni mwa kijiji, wakajiita machifu, wakahukumiana kesi za panzi. Hakuna aliyewachapa. Watu wazima walipita wakawasalimu, "Ndaga, chifu!" Leo wamesahau. Sisi hatujasahau.

Siku moja mvua imewafungia ndani, Sekela akaokota kipande cha mkaa. Mara ya mwisho kushika mkaa kwa kuchora alikuwa kwa bibi yake, Mpuguso. Bibi alikuwa akisiriba nyumba kwa udongo wa rangi, akamwachia pembe moja ya ukuta: "Hapa ni kwako. Haribu unavyotaka." Mkono ukakumbuka. Akachora mlima Rungwe umevaa sweta.

Lusungu akatazama. "Mama, mlima hauvai sweta."

"Kwa baridi hii?"

Mtoto akafikiri. Akafikiri mpaka maharage yakaungua. Kisha akachukua mkaa mkononi mwa mama yake, akauchorea mlima soksi.

Ukuta ukaanza kujaa. Kuku anaendesha Fuso la ndizi. Migomba imeshikana viuno inacheza ngoma. Wekundu ulitoka kwenye udongo wa mtoni, kijani ni majani ya maboga yaliyopondwa, nyeupe ni majivu. Usiku Lusungu akaanza tena kueleza ng'ombe wanaongea nini, na ng'ombe wakawa wambeya kuliko zamani. Sekela naye alijisikia anacheka kicheko alichokisahau. Yule msichana wa Mpuguso hakuwa amekufa, alikuwa amejibanza tu mahali akisubiri kuitwa. Mahali pale alipofungiwa ndipo pekee ambapo fimbo haikuweza kumfikia, wala yeye, wala mwanawe.

Wiki iliyopita Lusungu akamchora babu yake. Kofia yake ya kanisani, meno yake machache, jicho la kushoto linalojifumba. Kampandisha yule ng'ombe mwenye mabawa, anapaa juu ya chai.

"Nani huyu?" Sekela aliuliza, ingawa moyo ulishamjibu.

"Babu. Akiwa hana hasira."

Sekela hakuwa anajua kwamba baba mkwe wake ana jicho linalojifumba. Uso wa mtu anayeishi naye kiwanja kimoja aliuona kwa mkaa wa mtoto. Akashika kitambaa afute. Hakufuta.

Asubuhi ya leo wifi yake, Hellen, kaja kuomba kaa la moto. Alipouona ukuta, kaa likamdondoka. "Mungu wangu! Wifi, umemtazama baba!"

Hata uji haujapoa, uani kumejaa. Mzee ameketi kwenye benchi, kaupa mlango wa jiko kisogo. Sekela yuko ndani. Kati yao hatua chache na ukuta wa mianzi, lakini maneno lazima yapite kwa Hellen.

"Mwambie mkamwana, jicho langu kaliona wapi?"

"Wifi, baba anauliza..."

"Nimesikia. Mwambie baba nimechora mimi."

Lusungu, pale mlangoni, alifungua mdomo. Mama yake akapiga sufuria na mwiko, paa! Mtoto akafunga mdomo. Maana Sekela anajua: akitajwa mtoto, ule mkono utachapwa mara ya pili, na safari hii hakuna sweta ya mlima itakayoufufua.

Wakampigia Meshaki, simu ikawekwa kipaza sauti. Nyuma yake nyundo zinagonga. "Mke wangu, si ukuta tu? Ziba, yaishe. Mimi niko juu ya jukwaa hapa."

Mzee akatoa hukumu. Ukuta uzibwe leo. Na Lusungu ahamie nyumba kubwa kwa shangazi yake, jikoni asiingie tena, asije akaota akili za mama yake.

Kisha kikatokea kitu ambacho wote mlikisikia. Mzee akainamisha kichwa, akasema polepole, "Hellen. Nimechorwaje?"

Aliyejibu ni mtoto. "Babu, umepanda ng'ombe. Anapaa."

"Anapaa wapi?"

"Anaenda Mbeya. Amechoka na matope."

Mabega ya mzee yakatikisika. Alikuwa anacheka! "Na mimi siogopi?"

"Unamwambia aongeze mwendo."

Akataka kugeuka. Shingo ilianza kugeuka, tumeiona. Hellen akakohoa: "Baba, watu wanatazama." Shingo ikarudi mahali pake. Mzee kajengewa kibanda chake pia, na aliyekijenga ni nyinyi mnaotazama. Akasema, "Zibeni."

Sasa Sekela anaziba. Kaanzia kwa kuku dereva, mbali kabisa na ule uso, na anapaka taratibu kama mtu anayesubiri kuzuiwa. Nguo za mtoto shangazi keshazifunga kwenye kanga. Na Lusungu kapenya chini ya mikono ya watu, kaingia jikoni kumuaga mama yake. Hakulia. Kachota udongo kwa viganja viwili. Anasaidia. Anajipinda kufikia juu, na anasema kwa sauti ya mtoto mwenye adabu:

"Mama, hapa bado panaonekana."

Umesikia? Hajachapwa na mtu. Anajiziba mwenyewe.

Udongo bado mbichi, hata kucha inaukwangua. Uani mko watu wa kutosha na kila mmoja anamsubiri mwenzake. Mzee hawezi kuingia jikoni, mila yake mwenyewe imemfunga, na kama ungemtazama usoni badala ya kutazama juu ungejua kwamba hataki kukuzuia. Ingia wewe. Mshike Lusungu mkono huo, uoshe, uweke mkaa ndani yake. Zile nguo zifungue, zirudishe jikoni. Atakayeuliza ni nani kakuruhusu, mjibu hukuja kuomba ruhusa. Usingoje Jumapili, usingoje kikao, wala usiseme utamwona mwenyekiti. Inuka. Nenda sasa hivi.