Kaburi Alilochimba Mugweri

Tamasha la historia lilikuwa la mtaa mzima, na kila nyumba ya ibada iliombwa ionyeshe ya kwake. Kanisa dogo la matofali kwenye njia ya Budondo, mjini Jinja, likaamua kuonyesha wafu wake. Msicheke. Mchungaji Wamboga alisema kanisa lao halina picha wala vikombe vya fedha, lakini lina makaburi, na kaburi likipata mtu wa kulisemea nalo ni historia. Wageni wangetembezwa safu kwa safu, na penye kila kaburi ndugu wa marehemu angesimama aseme huyu ni nani.

Zulaika alitoka Mbale amepakata tabaga, zile sinia za ukili wa rangi ambazo wanawake wa Kinubi husuka kufunikia chakula. Mpwa wake Ramula, aliyemwalika, alidhani amekuja kuuza. Kumbe kilichomleta kilikuwa kaburi moja dogo lenye msalaba wa mti ulioandikwa Petero. Aliyelala humo hakuwa Petero. Alikuwa Adrisi, mwanawe wa pekee.

Serikali ya wanajeshi ilipoanguka mwaka 1979, watu waliwageukia Wanubi, Waislamu waliohesabiwa wote kuwa watu wa jeshi lile, aliye askari na asiye askari, maana hasira haina macho. Mume wa Zulaika alikuwa fundi cherehani. Alitoka kutafuta gari la kuwatorosha na hakurudi. Mugweri, mchimba makaburi wa kanisa, akamficha Zulaika na mtoto katika stoo ya majembe. Mtoto alikuwa na homa kali, na njia ya hospitali ilikuwa imejaa vizuizi. Alifia mikononi mwa mama yake, naye mama hakuthubutu hata kulia kwa sauti.

Aliomba jambo moja tu, mwanawe azikwe Kiislamu. Wakristo wa pale hulazwa kichwa magharibi, ili siku ya ufufuo wainuke wakitazama jua linakochomoza. Mwislamu hulazwa kwa ubavu wa kulia akielekea kibla, na kwa mtu wa Jinja kibla ni kaskazini, kwa hiyo kichwa chake huwa mashariki. Mugweri alichimba alivyoombwa, akamlaza mtoto taratibu kama anayeogopa kumwamsha. Kisha akasimamisha msalaba wenye jina la uongo ili wenye hasira wasije kumfukua. Aliusimamisha kichwani, kama msalaba unavyostahili kusimama, yaani upande wa mashariki, peke yake katika safu nzima.

Zulaika aliishi ukimbizini Sudan mpaka nchi ilipotulia, kisha akahamia Mbale. Kila mwaka baada ya Idi alikuja akang'oa magugu, akasoma Fatiha moyoni, akaenda zake. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na sasa hata kata ilikuwa imekufa, maana Mugweri alikuwa ameshazikwa. Kusema aliogopa. Wakristo pengine wangemwambia amchukue mtoto wake, na Waislamu wangemuuliza ni mama gani anayemwacha mwanawe chini ya msalaba. Akazeeka na jina la Adrisi mdomoni, hajapata pa kulitamka.

Asubuhi ya tamasha alikuta msalaba umehamishwa. Sasa ulisimama magharibi sawasawa na mingine, yaani miguuni mwa mtoto.

Nangobi, binti Mugweri na kiongozi wa akina mama wa kanisa, alikuwa hapo na ufagio wake. Alieleza kwa furaha kwamba waliurekebisha siku ya bulungi bwansi, walipokuwa wakifyeka na kufagia kwa pamoja.

"Hii kaburi ilikuwa inatutia haya, mama," alisema. "Baba aliweka msalaba kwa miguu. Siku ile alikuwa amelewa."

Zulaika akasema hilo haliwezekani. Mugweri alikuwa mlokole, mtu aliyeokoka, na pombe hata kuinusa hakutaka.

Nangobi akatikisa kichwa. Baba yake alilisema mwenyewe mbele ya kanisa, walipomuuliza kwa nini msalaba ule unaangalia kinyume. Walimzuia kwenye meza ya Bwana kwa muda mrefu. Shuleni Nangobi aliitwa mtoto wa mlevi. Mama yake, Orpah, yule bibi aliyekuwa akisogezewa kiti kivulini, alisali miaka na miaka ili mumewe asirudie chupa. Baba hakuwahi kujitetea mpaka akafa. Basi Nangobi alitaka leo, mbele ya wageni, safu ya baba yake iwe imenyooka.

Zulaika hakuyajua hayo hata kidogo. Kila mara walipokutana Mugweri alimuuliza kama amekula, basi. Na yeye miaka yote alidhani mzigo ule ameubeba peke yake. Alimlilia Mugweri palepale, kwa sauti, kilio ambacho mwanawe hakukipata.

Nangobi hakuelewa, akamshika bega. Lakini wageni walikuwa wameshaingia, na kati yao Ramula na wazee wa msikiti. Mchungaji aliwatembeza mpaka mbele ya msalaba, akasema huyu ni Petero, na kwa bahati mbaya hana mtu.

Zulaika aliupita msalaba, akaenda kusimama upande wa pili pasipokuwa na kitu. Alisema kwa Kiswahili, na wazee kadhaa wakajikunyata, kwa sababu Kiswahili cha Mnubi kiliwakumbusha maafande wa serikali ile ya wanajeshi.

"Mmesimama miguuni," alisema. "Kichwa kiko huku. Huyu ni Adrisi, mwanangu. Sisi ni Wanubi, na Mugweri alimlaza anavyolazwa Mwislamu. Hakuwa amelewa. Alisema vile ili msije mkajua ni mtoto wa nani."

Ramula alikuja akasimama ubavuni mwa shangazi yake, na mzee mmoja wa msikiti akavua viatu, akainua mikono kuomba dua. Mchungaji Wamboga naye akainamisha kichwa. Nangobi aliung'oa msalaba, akabaki ameukumbatia, hajui auweke wapi. Zulaika alimwambia aupeleke kanisani. Ulikuwa umemlinda mwanawe vya kutosha, na sasa hakuhitaji tena kufichwa.

Kwenye kiti chake Orpah aliuliza kwa Kisoga yule mama amesema nini. Nangobi alipiga magoti akamweleza sikioni, pole pole, mpaka mwisho.

"Nilimnusa mdomo siku ile aliporudi nyumbani," alisema bibi. "Haukuwa na harufu yoyote. Nikaamini maneno yake, nikaiacha pua yangu."

Zulaika akaketi kwenye nyasi karibu naye. Akamshika mkono. Orpah aliendelea kuitazama ile safu ya makaburi.

"Miaka yote namsamehe pombe ambayo hakunywa," alisema. "Na yeye ananiitikia asante."