Daktari wa Magoudjou

Kule Moroni, mtaa wa Magoudjou, Daktari Faïza alikuwa daktari wa familia, na kazi yake ilikuwa kuingia majumbani. Mzee mwenye presha hapewi dawa mpya mpaka daktari aonje mchuzi wake, kisha agombane na mama mkwe wa nyumba juu ya chumvi. Walimzoea hivyo, na wakimpenda. Mwaka wa tisini na tisa, watu wa asili ya kisiwa cha Nzwani walipofukuzwa Moroni, mapenzi hayo hayakumsaidia kitu. Wazazi wake ni wa Mutsamudu, huko Nzwani, basi akafunga virago akapanda boti pamoja na mama yake.

Mutsamudu nako, waliojitenga na serikali ya Moroni hawakumtaka mtu aliyekula mshahara wa Moroni. Mjomba wake Ridjali, bingwa wa njia za mkato, akamwambia, "Mwanangu, wewe umezaliwa Mahajanga. Sema umetoka Madagaska moja kwa moja. Nani hapa anakujua?"

Akasema hivyo, na kazi akapewa. Miaka yote ya Magoudjou ikafutika kana kwamba alikuwa amelala. Ilimuuma, lakini mama yake alikuwa akimtegemea yeye.

Bwana Moinaidi wa kamati ya mji ya hao waliojitenga alishinda mlangoni mwa zahanati, akimchunguza kila aingiaye. Asubuhi moja akaingia mama mmoja amembeba binti anayekoroma kifua. Alipomwona daktari, uso ukamchangamka.

"Kwezi, daktari! Kumbe daktari wetu wa Magoudjou yuko huku!"

Moinaidi akageuza shingo. Faïza alimtambua mama yule mara moja: Sittou, Mngazija, mtu wa kisiwa cha Moroni, aliyeolewa na mtu wa Mutsamudu. Faïza mwenyewe ndiye aliyemzalisha binti huyu kule Magoudjou, na siku chache baadaye mume akawahamishia huku, mtoto hajapewa jina.

"Mimi sijawahi kufanya kazi Moroni," Faïza akasema.

Sittou alimtazama, akamtazama na Moinaidi, akaelewa. "Basi nimekufananisha, daktari. Uniwie radhi."

Aibu ilimpanda Faïza mpaka masikioni. Mngazija peke yake katika mji huu, na ndiye anayemfichia siri. Akashika kalamu, akauliza kama mgeni:

"Mtoto anaitwa nani?"

Sittou akamvuta binti karibu. "Faïza," akasema, macho chini.

Daktari akaiweka kalamu.

"Bwana Moinaidi," akaita, "mtoto huyu alizaliwa mikononi mwangu, Moroni. Tangu nimalize chuo nimefanya kazi Magoudjou. Kazi hii watu wa kule ndio walionifundisha."

"Unajua unachosema, daktari?"

"Najua."

Moinaidi akatoka kwenda kuwaita wenzake. Faïza akamfungua mtoto vifungo vya gauni, akamwekea stetoskopu kifuani. Foleni ilikuwa bado ndefu, naye alitaka kuwaona wengi kadiri awezavyo kabla hawajarudi.