Kipande cha Kui

Ujumbe uliingia Kamande akiwa anapuliza chai. Simu ilitetemeka juu ya meza, akaitupia jicho, akaweka kikombe chini, na chai ile haikunywewa tena na mtu. Alisoma, akarudia kusoma, kisha akampa mkewe Kui. Kui naye akasoma. Wakatazamana kama watu walioamka wakakuta ng'ombe wa wenyewe amelala jikoni.

"Mtu amekosea namba," Kamande akasema mwishowe. "Tungoje apige, turudishe."

Usiwacheke. Huku Dundori pesa ikiingia kwa simu yako bila wewe kuitafuta, ama kuna mtu amekosea namba na sasa hivi atapiga akilia, ama ni matapeli wanakutega. Basi wakaketi kungoja kilio cha mwenye pesa. Jua likapanda, kuku wakaingia wakatoka, simu ikanyamaza tu. Nani katika dunia hii angemtumia pesa nyingi hivyo mtu anayeishi kwa viazi vya wenyewe?

Hapo ndipo Kui akamkumbuka Adero, msichana wa shirika la misaada aliyekuja miezi iliyopita. Aliketi kwenye kigoda pale pale, akauliza watoto ni wangapi na kama paa linavuja, halafu akasema kila boma kijijini litatumiwa pesa. Kui alimuuliza wao wa shirika watataka nini. Adero akasema hawataki kitu. Si deni? Si deni. Si kura? Wala kura. Kui alimwonea huruma, msichana mzuri vile na bado anadanganya mchana kweupe. Kijiji nacho kikasema yake, kwamba ni pesa za shetani na siku moja atakuja kudai mtoto. Mama Muiruri, jirani yao, alisema shetani mwenyewe hawezi kufika Dundori, baridi itamuua.

Sasa pesa ndiyo hiyo, imefika. Kui alitoka nje akasimama uani, na mwili ukamsisimka kuanzia kisogoni. Mtu asiyemjua, mahali asipopajua, alikuwa amemfikiria yeye Kui, wala hakutaka hata asante. Hakujua amshukuru nani, akamshukuru Mungu, na kwa kuona haitoshi, akamshukuru tena.

Na alijua pesa hiyo ni ya nini. Nyuma ya nyumba yao kulikuwa na shamba ambalo Kamande aliachiwa na babake, udongo mweusi unaoshika jembe kama unga wa ugali. Lakini halikuwa mikononi mwao. Mamake Kamande alipougua walimkodishia Wanyoike, mfanyabiashara wa viazi, kwa msimu mmoja tu. Msimu haujaisha, karo ikaja, wakamkodishia tena. Wakawa wanakula misimu ambayo haijafika, mwaka nenda mwaka rudi, hadi Natalie, kifungua mimba wao, na wadogo zake wakakua wakijua shamba ni la Wanyoike.

Uchungu wenyewe haukuishia hapo. Kui alikuwa kibarua mle ndani. Kila alfajiri alisimama ukingoni na wanawake wenzake, akingoja nyapara apite na ufito kumpimia kila mmoja kipande chake. Unalima mpaka kwenye alama, unalipwa, unaenda. Na nyapara huyo alikuwa Kamande. Wanyoike alimpa kazi hiyo kwa kumhurumia, maana Wanyoike hakuwa mtu mbaya, lakini kuna huruma inayouma kuliko tusi. Ndivyo mwanamume alivyompimia mkewe shamba la babake, kipande sawa na cha wengine, na siku zote alipima akiangalia chini.

Sasa fununu ilikuwa imeenea kwamba Wanyoike amechoka na viazi, anataka kumwachia tajiri mmoja wa Nakuru mjini ile misimu yote ambayo Kamande alishaikula. Tajiri huyo alitaka kujenga vivungulio vya plastiki vya kukuzia maua na kuleta watu wake. Shamba likiingia huko, Kui hatalikanyaga tena hata kama kibarua.

Jioni hiyo Kui akamwambia mumewe, "Tukomboe shamba."

Kamande aligeuza simu mkononi, akaigeuza tena, akaenda kulala.

Asubuhi hakuwepo, na simu haikuwepo. Mama Muiruri ndiye aliyeleta habari: Kamande ameonekana sentaa, pale madukani, akipanda gari la kwenda upande wa Gilgil, amevaa koti la kanisa. Ukienda upande huo ukiwa na pesa, barabara itakupitisha Kikopey, na moshi wa nyama choma wa Kikopey humshika mtu shingo ukamvuta. Kamande mwenyewe alishavutwa. Mwaka aliouza kondoo wao wa mwisho alipitia huko, akarudi siku ya pili na mfupa wa supu.

Kuku wa maskini hatagi, akitaga haangui, na akiangua, mwewe yuko juu. Kui aliijua methali hiyo tangu utoto. Alichokuwa hajui ni kwamba mwewe analala naye kitanda kimoja. Mchana kutwa alifua nguo zilizokuwa safi. Alikasirika, akaogopa, kisha akamkasirikia hata Adero, kwa sababu jana asubuhi alikuwa maskini asiye na cha kupoteza, na hali hiyo angalau alikuwa ameizoea.

Magharibi Kamande akarudi. Kui alisikia harufu kabla ya kumwona, moshi na mafuta ya mbuzi, koti zima.

"Umekula nini?" akamuuliza.

Kamande aliketi akaomba chakula. Alipewa githeri iliyopoa, akaila bila kuinua kichwa, kama mtu ambaye hajatia kitu mdomoni tangu jana. Kui akaona jinsi anavyokula, na hasira yake ikaanza kukosa pa kusimama.

Kisha akaeleza. Alitoka alfajiri kumtafuta Wanyoike, na aliposikia sentaa kwamba atakutana na yule tajiri Kikopey kumalizia mambo yao, aliamua kuwawahi. Hakumwambia Kui kwa sababu ameshamwahidi mengi katika maisha yao, na hii, kama ingeshindikana, hakutaka iwe ahadi. Aliwakuta mezani, mbavu zikiwa ndiyo zinaletwa. Akasimama mbele yao na koti lake la kanisa, akasema amekuja kuchukua shamba la babake. Tajiri akacheka. Kamande akabonyeza simu, na simu ya Wanyoike ikatetemeka kando ya sinia ya nyama. Wanyoike akasoma, akaacha kutafuna. Akapangusa mikono, akainuka, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia nyapara wake.

"Alinikaribisha nyama," Kamande akasema. "Haikupita kooni. Mama Natalie, shamba limerudi."

Kui aliketi chini, papo hapo, kwenye mavumbi ya mlangoni.

Alfajiri alichukua jembe, akaenda nyuma ya nyumba, akasimama ukingoni. Viazi vya Wanyoike vilikuwa vimeshachimbwa na udongo ulikuwa mtupu, unatoa mvuke mweupe kwenye baridi. Akasimama tu. Umande ukamlowesha miguu, naye bado amesimama. Kamande akaja na jembe begani, jembe ambalo hakuwahi kulishika mle tangu awe nyapara, akamuuliza anangoja nini.

"Nangoja kupimiwa," Kui akasema kabla hajafikiri.

Hakuna aliyecheka. Kui akaingia, akaanza kulima. Mwili wake uliujua urefu wa kipande kuliko alivyojua kusali, na ulipofika pale alama huwekwa, mgongo ukanyooka wenyewe. Hakukuwa na alama. Mbele yake udongo mweusi ulikwenda, ukashuka kidogo, ukapanda, hadi ua wa miiba ya kayaba kule mwisho ambako hakuwahi kufika hata siku moja kwa jembe lake. Kizunguzungu kikamshika. Aliogopa ile hofu njema ya mtu anayeingia kanisani kukiwa hakuna watu.

"Baba Natalie," akaita, "naishia wapi?"

Mkono wa Kamande ulinyooka wenyewe kutafuta ufito kando yake, ukashika hewa. Ndipo akakumbuka kwamba ameuvunja vipande asubuhi hiyo, akachemshia chai. Akainua macho, akamtazama mkewe usoni katikati ya shamba la babake.

"Pale utakapochoka," akasema.

Kui akapangusa macho kwa kiganja chenye udongo, akainama. Jua lilipozama, Mama Muiruri alipitia kwenye ua kumwita aende kupika, naye akajibu kwamba bado hajachoka.