Anayenyanyuliwa Lazima Aruke

Wenye watoto wakubwa nyumbani wasidhani mieleka ya runinga inaishia kwenye runinga. Katika nyumba moja iliingia mpaka sebuleni, na hadi leo haijatoka.

Binti wa nyumba hiyo alikuwa fundi cherehani. Kila Jumamosi aliziacha nguo za watu, akaketi chini mbele ya runinga kumshangilia mpiganaji wake, Kinyago. Mambo ya ndani ya mieleka hakuyajua wala hakuyataka. Kinyago akipigwa, roho inamuuma. Akishinda, anapiga vigelegele mpaka majirani wanavunjika mbavu. Baada ya wiki nzima ya kuinamia cherehani, raha yake ilikuwa hiyo tu.

Kaka yake, mbeba mizigo wa ghalani, alikuwa mjuzi. Kutwa kwenye simu anasoma habari za mieleka, kengele haijalia yeye anajua nani atashinda.

"Leo Kinyago wako anapigwa," alimwambia mbele ya watu. "Wameshapanga."

"Kaka, niache nitazame."

"Utazame nini, maigizo? Hata huko kunyanyuana, anayenyanyuliwa lazima aruke mwenyewe. Akijilegeza, mwenzake anaumia mgongo. Wanasaidiana, mshamba wewe!"

Majirani wakaangua kicheko. Kinyago akapigwa kweli. Binti akameza mate machungu, lakini lile la kujilegeza hakulimeza. Alilala nalo, akashona nalo, akaamka nalo.

Jumamosi iliyofuata sebule ilijaa. Binti akavuta godoro, akalitandika katikati, akasema kwa sauti tamu, "Kaka, hebu tuonyeshe wanavyofanya. Ninyanyue mimi."

"Utaweza kuruka?"

"Si umenifundisha mwenyewe?"

Fundi viatu wa jirani akapiga makofi. "Haya Profesa! Tuone huo mgongo wa ghalani!"

Kaka akavimba kichwa. Alijua fika kwamba mchezo wote ni kuaminiana, lakini hakujiuliza amemtendea nini huyu anayemwamini. Akamshika dada yake kiunoni. "Moja, mbili, ruka!"

Hakuruka. Alijilegeza mwili mzima kama gunia la mchanga. Kaka angeweza kumwachia, ila macho ya watu yalikuwa juu yake. Akalazimisha. Mgongo ukalia, wakaanguka wote wawili.

Watu walicheka, wakidhani ndiyo maonyesho yenyewe. Binti alicheka kuwashinda wote.

"Amka basi, Profesa! Si maigizo?"

Alitamani aione sura ya kaka yake imeaibika, aikodolee macho mpaka ashibe. Alipoigeukia, ilikuwa imelowa jasho.

"Mguu siusikii," kaka alisema polepole.

Kicheko kikakatika. Mama yao akatoka jikoni, mwiko mkononi. "Kuna nini? Mwanangu, umefanyaje?"

"Ameteleza, mama," binti alidakia. "Tulikuwa tunacheza tu."

Kaka akamtazama. Hakumtukana.

"Usimdanganye mama. Mweleze kama nilivyokueleza mimi. Anayenyanyuliwa hufanya nini?"

Binti akaanza kujikung'uta nguo.

"Sema. Majirani nao wasikie, kama siku ile."

"Anaruka," binti alisema.

"Na wewe?"

"Sikuruka."

"Ulisahau?"

Fundi viatu aliinamisha kichwa. Binti akatazama mlangoni, lakini watu walikuwa wameuziba.

"Sikusahau."

Mama hakumwangalia. Alikuwa ameshapiga magoti kwenye godoro, anauminya mguu wa mwanawe kuanzia kwenye unyayo kwenda juu.

"Hapa unasikia?"

"Bado, mama."

"Na hapa?"