Bisibisi Sikioni

…au ni waya tu, waya hulegea, hata cherehani nzima kabisa hugoma kwa ajili ya mkanda, mwenyewe akaja analia kwamba kauziwa chuma chakavu, mzee alijiambia, amepiga magoti mbele ya rafu ya chini kama aliye kwenye sala, bisibisi ndefu ameisimamisha, ncha inagusa lile kasha jeusi la diski za kompyuta, mpini kaubana kwenye mfupa nyuma ya sikio, hivyo ndivyo alivyosikiliza cherehani za watu miaka thelathini na nane na hajawahi kukosea, la, amekosea, mara mbili, mara tatu, Mungu ndiye mwenye hesabu, na ndani ya kasha diski ikazunguka vvvv kama siku zote, kisha ko, kisha kimya, kisha ko ko, kama mtu anayebisha hodi huku anaomba asifunguliwe, na kwenye simu aliyoilaza sakafuni, sauti juu, binti yake akasema, Baba, umelala? Nisomee mstari wa makosa ya waya, naye akainama kwenye laptopu, miwani ikateleza, Sifuri, mama. Sifuri? Sifuri kavu. Basi si waya, baba, ni diski yenyewe… basi si waya, na yeye tangu asubuhi alikuwa ameuombea waya, ameuombea kwa jina kabisa, Mola wangu ujalie iwe waya, kana kwamba Mola ni fundi msaidizi wa kuletewa kazi ikiwa imekwisha kuharibika. Na vile vipande visivyosomeka, baba? Ishirini na nne. Asubuhi uliniambia kumi na sita. Asubuhi vilikuwa kumi na sita, mama. Akamsikia akivuta pumzi, yule binti ambaye mama yake alimpachika jina la Chiriku kwa sababu alianza kusema kabla ya kutambaa, sasa akawa kimya, na kimya cha Chiriku kinatisha kuliko ko ko. Halafu akauliza, Na kile kikengele cha kasha, baba, hakikulia?, naye mzee akajibu palepale, bila hata kumeza mate, Sijasikia, mama. Alhamdulillahi, akasema binti, basi diski pacha yake ni nzima, hatuna haraka, iache ijipime mpaka mwisho, imebaki asilimia ngapi? Tisini. Haya, iache, ingekuwa pacha kafa ningekwambia simamisha sasa hivi tunakili kwanza zile rekodi za marehemu mama, maana kupimwa kunaichosha, lakini madhali kikengele hakikulia… subiri, baba, naitwa, usikate… na akasikika anasema na mtu huko ofisini kwake, mbali, nchi ambayo huko kukicha huku jua limekwisha kupanda, Hapana, iweke mezani, nimesema mezani… Hakati. Atakata aende wapi. Sijasikia, amesema, Sijasikia, ulimi ulivyo mwepesi, mtu anaweza kufunga, akasali, akatoa alichonacho, halafu ulimi wenye uzito wa kipande cha nyama cha kumtupia paka ukamwaga vyote kwa neno moja. Kikengele kililia. Kililia miezi mitatu iliyopita, pi, pi, pi, katikati ya sala yake ya mchana, pi, pi, akaanza upya, pi, akaanza tena, akasahau alipofika, akainuka na hasira zake akafungua kasha, akaona kile kispika kidogo kama kifungo cha shati, akachukua koleo, kacha, akarudi kwenye mkeka na kusali kwa utulivu, na alikuwa anashukuru, ee Mola, alikuwa anakushukuru kwa kimya, kumbe kamkata kauli aliyekuwa anaomba msaada, ili yeye apate nafasi ya kuomba. Na si kwamba hakujua. Alielezwa. Binti alikaa hapahapa sakafuni siku alipokuja kulifunga kasha hili, viatu kavua, diski mbili mapajani, Baba, hizi ni pacha, inachoandika hii na ile inaandika, moja ikifa kikengele kitalia, utanipigia, tutaweka nyingine, hakuna kitakachopotea, umeelewa?, naye akatikisa kichwa kwa nguvu kama wafanyavyo wasioelewa, alikuwa anamtazama vidole, vidole vya mama yake, virefu, kucha zimekatwa fupi. Ko ko. Hii ndiyo iliyobaki. Hii inayobisha ndiyo peke yake, na yeye ameruhusu ipimwe, ikimbizwe kutoka ukingo hadi ukingo kama mgonjwa anayeambiwa apande ngazi ili daktari aone kama kweli anaumwa, na ndani yake zimo… yumo. Rekodi arobaini na moja. Mke wake alizisema kwenye simu miezi ile ya kitanda, asubuhi moja moja, akishapata nguvu ya kukaa, anamfukuza chumbani, Toka, fundi, haya si yako, ni ya mwanangu, naye anatoka, anasimama korido anasikia mnong'ono tu kama maji ya bomba nyuma ya ukuta. Simu ile ilikwisha kufa. Chiriku baada ya mazishi alizihamishia humu bila kusikiliza hata moja, Siwezi sasa, baba, nitunzie, siku nikipata moyo nitakuja tukae wawili tusikilize. Nitunzie. Amana. Na amana ya mtu haina kufutwa na sala, amana inadaiwa huku na kule. Miaka miwili, moyo haujapatikana, naye hakumhimiza, kwa sababu, sema, mzee, uko mwenyewe, kwa sababu siku moja alifungua moja. Moja tu. Ya tisa. Nyumba ilikuwa imekaa vibaya siku ile, mvua, kikombe kimoja kwenye sahani na cha pili kimefunikwa kabatini, akabonyeza, na sauti ikaja karibu kuliko alivyotegemea, imechoka, inacheka kidogo, Chiriku wangu, baba yako akikwambia hajambo, mwulize tena, ya kwanza huwa ni adabu tu, ya pili ndiyo jibu… akazima. Akazima kama mwizi aliyesikia mlango. Hakuwahi kuungama hilo, kwa kiumbe wala kwa Muumba, ingawa Muumba hahitaji kuambiwa. Tangu hapo kila Ijumaa simu ikilia, Hujambo, baba?, Sijambo, mama, anasema kama anavyopiga mhuri, kisha anaacha pengo, pengo la kutosha swali moja dogo, na binti huko ana watoto, ana kazi, ana basi la kuwahi, Haya vizuri, baba, pesa ya dawa nimetuma, na pengo linajifunga. Akamlaumu. Ndiyo, alimlaumu, moyoni, kimyakimya, mtoto gani haulizi mara ya pili. Akaanza kulisalimu kasha. Si wazimu, au ni wazimu mdogo unaoruhusiwa, akirudi kutoka dukani anapiga hodi kwenye nyumba yake mwenyewe na kasha linaitikia vvvv, ndicho kitu pekee humu kinachopumua zaidi ya yeye, na leo asubuhi liliposema ko kwa mara ya kwanza, haya na hili nalo sema, alifurahi. Kabla ya kuogopa alifurahi. Si Ijumaa na ana sababu ya kupiga. Ametumia sauti ya marehemu kama mtoto anavyotumia homa asiende shule. Ko. Ko ko. Krrr. Hilo la krrr ni jipya. Akasukuma mpini karibu zaidi na mfupa, na huko mbali binti bado anasema na watu wake, anacheka sasa, kicheko cha kazini, na mzee akafikiri, ataniuliza tena, akirudi ataniuliza tena, baba, una hakika kikengele hakikulia?, na hapo nitasema, nikiulizwa mara ya pili nitasema, ndivyo nilivyo, mama yake alijua… kisha kitu kikasimama ndani yake kama gurudumu la cherehani linaposhikwa na mkono. Atauliza tena kwa nini? Nani kamwambia aulize tena? Aliyemwambia yumo humu. Maneno yenyewe yamo humu, ya tisa, hayajasikiwa na mwenyewe, yanagongwa ko ko kwenye chuma kinachokufa, na yeye, mzee mzima mwenye mvi mpaka kwenye nyusi, amekaa miaka miwili anamlaumu mtoto kwa barua ambayo yeye mwenyewe ameikalia. Hatauliza. Hawezi. Diski ikifa leo hatauliza milele, naye atakufa hajambo. Mficha maradhi, walisema wakubwa, nao hawakumaliza kusema kwamba anayeyaficha hulia pia kwa nini haulizwi hali… Baba? Baba, upo? Nipo. Samahani, watu hawa, haya, asilimia ngapi sasa? Akatazama. Tisini. Bado tisini? Bado. Mbona kimya hivyo, umeweka bisibisi sikioni, nakujua, haya fundi, mgonjwa anasemaje? Anabisha hodi, akasema, na binti akacheka, kicheko chake cha kweli, cha sakafuni, viatu kavua, na mzee akaona kwamba kicheko hicho ndicho atakachokizima kwa maneno yanayokuja, na baada ya hapo huenda hata Ijumaa zisije. Basi mwache abishe, baba, mimi nirudi kazini, nitakupigia jioni kuona yamefika wapi. Ko. Krrr. Usikate, akasema. Akaitoa bisibisi sikioni, akailaza sakafuni kando ya simu, na bila bisibisi ko ko haikusikika, chumba kikawa kimya kama siku ile ya koleo. Chiriku. Naam, baba. Niulize tena. Nikuulize nini? Anza na kikengele, mama, haraka, halafu ukishanisikia, ukishanisema utakavyo, uniulize kama sijambo.